Piga Hodi kwa Mkono

Krr. Krr. Krr. Kama panya anayetafuna punje ya mahindi makavu chini ya kitanda na hana haraka yoyote. Sauti hiyo ninayo masikioni mpaka leo, na haikuwa ya panya. Ilitoka mdomoni mwa mtoto mchanga pale mtaa wa Kaptembwo, Nakuru, mchana kweupe, na mashahidi tulikuwepo. Nitawafikisha hapo. Lakini kwanza, nyinyi wasichana mnaoanza kazi hii ya kulea watoto wa watu, vueni pete, kateni kucha, mkae chini tuongee.

Najua mnacheka. Mlisikia mnaletewa mstaafu mkatarajia nyanya mwenye mkongojo, na sasa mnaona mtu ambaye bado anavunja mfupa wa kuku kwa meno. Basi jueni kwamba kazi hii ina kustaafu kwake. Mgongo wangu ulistaafu kwanza, viwiko vikafuata, mimi nikaona siwezi kubaki kazini peke yangu. Siku hizi nakaanga chapati karibu na nyumbani. Chapati haina shida. Ukiiangusha hailii.

Niliingia bebikea ya Bi Salma nikiwa na cheti cha darasa la nane na ndoto za kujaza gunia. Bebikea ni nini mnajua: chumba, mikeka, magodoro madogo, na akina mama wanaokuja alfajiri kukuachia roho zao wakaende kufua nguo za watu, kuuza mboga, kupanga foleni ya vibarua. Chumba chetu kilikuwa cha mabati mbele na mawe nyuma. Mimi kichwani mwangu nilikiona na madirisha marefu yaliyoshuka mpaka chini, ili anayetambaa naye aone barabara. Madirisha hayo bado sijayajenga, lakini nimeshachagua rangi ya pazia.

Bi Salma mwenyewe alizaliwa hapa hapa Nakuru, ila babu zake walipanda na reli kutoka Pwani, na Kiswahili walikuja nacho wakakataa kukiharibu. Mimi ni wa Kisii. Nikiongea alikuwa anafumba jicho moja kama mtu aliyeuma ndimu.

Siku yangu ya kwanza nilitaka kuonekana msafi. Nikanawa mikono kwenye mtungi wa nje. Mnaijua asubuhi ya Nakuru, ile baridi inayoshuka kutoka Menengai bila kuomba ruhusa. Nikaingia ndani mbio, nikafungua nepi ya kijana mmoja mnene aliyelala kama chifu, nikamwekea kiganja tumboni.

Aliyefanya kosa alikuwa mmoja. Waliolia walikuwa wote. Yule akapasua, wa pembeni akaitikia, wa dirishani akapokea sauti ya tatu, mpaka ikawa kwaya ya Pasaka. Jirani akagonga mabati: "Kwani mnachinja?"

Bi Salma hakunigombeza. Alinishika mikono, akaiangalia kama mtu anayekagua samaki sokoni, akaniwekea kikombe cha chai ya moto katikati ya viganja. "Usinywe," akasema. "Shika. Ukisikia moto umefika kwenye kifundo, ndiyo umewiva."

Halafu akanifundisha lile jambo ambalo nawapa leo bure. Akaniita tukachuchumaa mbele ya yule chifu, ambaye sasa alikuwa anakwikwika tu. Akanyoosha mkono wake, akausimamisha hewani karibu na kifua cha mtoto, pasipo kugusa. Akangoja. Mtoto akaugeukia ule mkono. Akamwangalia Bi Salma. Akarusha mguu. Hapo tu ndipo mkono ukashuka.

"Nyumbani kwa mtu unaingiaje, Moraa?"

"Kwa mlango, Bi Salma."

"Unaingia hivi hivi tu?"

"Napiga hodi."

"Na huyu je? Mwili ni nyumba yake. Hana nyingine. Piga hodi kwa mkono, mwanangu, usubiri karibu."

Karibu ya mtoto ndiyo kazi yenyewe. Kuna anayekukaribisha kwa kukuangalia. Kuna anayekaza tumbo, maana yake rudi baadaye. Kuna anayegeuza uso ukutani, na huyo ukimlazimisha atakuweka kwenye kumbukumbu zake mbaya mpaka siku ya kuanza shule. Na wakishakukaribisha, kila mmoja ana sebule yake. Mmoja alitaka kusuguliwa unyayo. Mwingine ukimgusa unyayo anakutukana kwa macho, lakini mpitishie kidole kwenye paji la uso kutoka kwa nywele kushuka puani, analala kabla hujafika puani. Yule chifu alipenda kushikwa kisigino. Kisigino tu! Ukimshika kisigino anaanza kukuhadithia mambo, a-guu, a-guu, unamjibu kwa kuminya kidogo, anangoja, na yeye anasukuma mguu. Unaminya, anasukuma. Mnaweza kuongea hivyo mpaka uji uungue. Niliwahi kuunguza.

Hatari moja ya kazi hii hamtaambiwa na mtu. Mkono ukizoea, hauachi. Mimi nilimpapasa mgongo mama mmoja kwenye foleni ya maji mpaka akaniegemea. Nikibeba kabichi naanza kuibembeleza. Na Jumapili moja pasta wetu, mtu mkubwa mwenye suti, alikuwa mlangoni anasalimia waumini baada ya ibada. Akanikumbatia kidogo, kikristo. Mkono wangu ukaenda wenyewe, kutoka chini ya mgongo kupanda juu, pa, pa, pa, vile tunavyofanya mtoto akishanyonya.

Pasta akabeua.

Si kidogo. Wazee wa kanisa waligeuka. Nami, Mungu anisamehe, nilijisikia nikimwambia, "Ee, safi, toa yote."

Sasa niwapeleke kwa Baba Nekesa.

Alikuwa Mbukusu mrefu, mpole, anachonga mawe ya kujengea kule kwari, kwenye machimbo. Mkewe, Wambui, mzaliwa wa Dundori, alikuwa ameenda Saudia kufanya kazi za nyumbani, na msichana wao Nekesa alibaki na baba. Asubuhi anamleta kwetu, jioni anamchukua. Mtoto alikuwa wa kukaa na kuanguka, bado hajatambaa, mashavu kama maandazi, na mchana kutwa alikuwa hana neno na mtu. Ikifika jioni baba akitokea mlangoni, king'ora kinalia.

Muone alivyombeba. Mikono imenyooka mbele, mtoto ananing'inia huko mbali kama mtungi unaovuja. Na mikononi amevaa glavu. Glavu za sufu, nyekundu, nene, za kwenda kuona theluji. Jua linawaka Kaptembwo, mtu wa kwari amevaa glavu.

"Baba Nekesa, niaje," nikamwuliza. "Unaenda Ulaya?"

Akacheka akiangalia chini. "Anti Moraa, wacha tu. Hii mikono yangu itamwumiza."

Akavua moja akanionyesha. Nilikuwa sijaona kitu kama kile. Kiganja kilikuwa na sugu ngumu za manjano mstari mzima, na kidole gumba kilikuwa kama gunzi la mahindi. Akisugua mikono yake pamoja unasikia kama mtu anapiga msasa mlango.

Siku chache kabla ya hizo glavu alikuwa amemkwaruza mtoto. Kitu kidogo, alikuwa anamfuta mate shavuni, ukabaki mstari mwekundu. Na bahati yake mbaya, kesho yake mama mkwe alikuwa ameshuka kutoka Dundori kumwona mjukuu.

Hapo ndipo mambo yaliharibika, na nilikuwepo, kwa sababu shosho, huyo nyanya wa mtoto, alikuja moja kwa moja bebikea. Mama mfupi, mwepesi, buti za mvua, kitambaa kichwani, ndoo ya maziwa mkono huu. Akamwona mkwe wake mlangoni, akanyoosha mkono wa kusalimia, kama anavyosalimia kila mtu kutoka Dundori mpaka mjini.

Baba Nekesa akaweka mikono nyuma.

Kwao Wabukusu, mwanaume hashiki mkono wa mama mkwe. Ni heshima, tena heshima kubwa. Anasimama mbali kidogo, anainamisha kichwa, anasalimia kwa mdomo. Akina mama wakwe wengi wa huku Nakuru wanajua hayo. Shosho hakuwa anajua, maana harusi yenyewe ilikuwa bado iko kwenye mazungumzo. Akabaki mkono uko hewani. Akamwangalia mtu mzima ameficha mikono mgongoni. Kisha akaona ule mstari kwenye shavu la mtoto.

"Nani amemparua huyu kama kiazi?"

Nikamgeuza mtoto upande wa pili.

"Ni mkono wangu, mathe," Baba Nekesa akasema, bado mikono nyuma. "Ni bahati mbaya."

"Ndiyo maana unaificha?"

"Hapana mathe, hiyo ni heshima."

"Heshima gani hiyo ya kunyima mtu mkono?" Akamgeukia Bi Salma kama hakimu mwenzake. "Mtu anaficha mikono, atalea mtoto na nini? Na miguu?" Akampokea Nekesa kutoka kwangu, na Nekesa, msaliti, akatulia pale begani. Baba alipojaribu kumuaga mtoto kwa kidole kimoja, king'ora.

Shosho akasema taratibu, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyonitia baridi. "Binti yangu aliniambia niangalie. Nimeangalia. Nina viazi shambani. Nikimaliza kuvuna nitashuka. Nikikuta huyu bado anakimbia mikono yako, nitapanda naye Dundori. Huko kuna maziwa na kuna mikono."

Alipoondoka, Baba Nekesa alikaa kwenye kizingiti. Mwanaume wa kuvunja mawe, macho yamejaa. "Anti, Dundori ni huko juu. Mimi nitamwona lini? Nikimwona atakuwa ananiita nani?"

Hapo ndipo glavu zilianza, mjue. Na hapo ndipo mimi, na moyo wangu wa siagi, nilianza kumfundisha.

Tulianza na dawa za kulainisha. Nilimpa nazi, nikampa glisalini. Yeye akasikia kwa watu wa kwari kwamba mafuta ya kukamulia ng'ombe ndiyo mwisho wa maneno, yale ya kwenye kopo ambayo mfugaji anapaka chuchu za ng'ombe zisipasuke. Akanunua kopo zima. Akapaka lote. Jioni akaja anang'aa mpaka viwikoni.

"Anti, shika uone. Laini!"

Ilikuwa laini, ndiyo. Akamwinua Nekesa juu ya godoro, na Nekesa akaanza kuteleza. Polepole, kama samaki anayerudi ziwani. Baba anashika kwapa, linaponyoka. Anashika kiuno, kinaponyoka. Nikadaka mguu, mtoto akatua godoroni kwa matako bila kuumia, akatuangalia wote wawili kwa mshangao, halafu akalia kwa sababu alikumbuka ni desturi.

Bi Salma alikuwa anachambua mchele pembeni. Hakuinua kichwa. "Nyinyi mnashughulikia ngozi," akasema. "Ngozi ndiyo imemkosea nini?"

Mimi sikumwelewa. Nikaendelea na masomo yangu. Nikamwambia ajifunze hodi. Kwa vile kumfundishia mtoto anayelia ni shida, nikamwambia aanzie kwa paka wa Bi Salma. Basi jioni ile mngemwona: jitu limechuchumaa, mkono wenye glavu nyekundu hewani, linamwambia paka "hodi". Paka akainuka akaenda zake.

"Amenikataa," akasema.

"Umengoja?"

"Nimengoja."

"Umengoja kama mtu anayekimbizwa, Baba Nekesa. Umeshikilia pumzi. Hata mimi ningeenda."

Na kweli, hilo ndilo niliona siku hizo na nawaambia mlione mapema. Alikuwa anamgusa Nekesa kama anashika sufuria ya moto. Anafika haraka, anatoka haraka. Anamwinua kabla hajamwangalia. Sasa mtoto anafikiriaje? Kitu chekundu kisichokuwa na vidole kinatokea juu, kinamnyakua, kinatetemeka, kinampeleka hewani mbali na kifua cha mtu. Hata mimi ningepiga nduru.

Saa ya chakula Wambui alikuwa anapiga simu ya video kutoka Saudia. Nilikuwa namwegemeza Nekesa mapajani, naweka simu mbele. Mama anaongea, Nekesa anailamba simu. Kila mara mwishoni alikuwa ananiomba, "Anti, mguse kwa niaba yangu. Pale chini ya kidevu. Kidole kimoja." Namgusa. Nekesa anacheka, mama yake anacheka, halafu mama anazima haraka kwa sababu hataki tuone kinachofuata. Mimi nilikuwa mkono wa mtu aliye mbali namna hiyo, na sikutaka Nekesa awe na baba wa kwenye simu pia. Saudia hakuna boda ya kuifikia. Lakini Kaptembwo na Dundori!

Jumamosi moja shosho akashuka.

Tulimsikia kabla ya kumwona. Boda iliguna mlangoni, gunia la viazi likatua, shosho akaingia na shuka la kubebea mgongoni likiwa limeshakunjwa tayari. Baba Nekesa alikuwa amekuja mapema kumchukua mtoto, na alipomwona mama mkwe alifanya mambo mawili kwa pamoja: akaweka mikono nyuma, na huko nyuma akavaa glavu.

"Hujambo, Baba Nekesa."

"Sijambo mathe. Shikamoo mathe." Kichwa chini.

Shosho safari hii hakunyoosha mkono. Alikaa kwenye mkeka, akampakata Nekesa, akamnusa shingo. "Haya. Mchukue mtoto wako nione."

Akaja na zile glavu. Haraka, pumzi imezuiwa, mikono imenyooka. Nekesa aliona nyekundu ikija, akajipinda kwenye tumbo la shosho, akapasua. Na wale wengine, mnawajua, wakaitikia.

Shosho akainuka. Akatikisa shuka, akalifungua, akaanza kumfunga mtoto mgongoni.

Baba Nekesa alisimama katikati ya chumba. Mimi nilikuwa nabembeleza watoto wawili, na wa tatu akilia ndani yangu. Ni Bi Salma aliyeweka ungo wake chini.

"Weye baba. Zivue hizo."

"Bi Salma, nitamkwaruza."

"Zivue, nenda kanawe na sabuni, rudi ukae chini. Na wewe mama, mpe muda wa kikombe kimoja cha chai. Viazi vyako vimeshavunwa, havikimbii."

Shosho akasita. Chai ni chai. Akamshusha mtoto tena mapajani.

Baba Nekesa akarudi na mikono mitupu. Nilimpa kikombe, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Usinywe. Shika." Akashika mpaka moto ukafika kwenye kifundo. Akakaa mkekani, mbali na mama mkwe kadiri adabu ilivyomtaka, akaweka mkono wake juu ya mkeka. Kiganja kikiangalia juu. Akaacha hapo.

"Sasa ndiyo nini hii?" shosho akauliza.

"Anapiga hodi," nikasema.

"Kwa mkeka?"

"Ngoja, shosho."

Tukangoja. Wale wa kwaya walinyamaza mmoja mmoja, sijui kwa nini, labda walichoka. Nekesa alikuwa anakwikwika na kutafuna pindo la kitambaa cha shosho, mate yanatiririka. Siku mbili tatu alikuwa anatafuna kila kitu: kitambaa, simu ya mama yake, bega langu. Akaona ule mkono. Akauangalia sana. Nadhani alikuwa hajawahi kuuona vizuri, maskini, ulikuwa umefichwa kila mara. Akamwangalia mwenye mkono. Baba Nekesa akatoa pumzi, ndefu, mpaka mabega yakashuka. Hakusogea.

Nekesa akarusha mguu.

Akainama kutoka mapajani mwa shosho, akaanguka nusu kwenye mkeka, shosho akawahi kumshika mguu asianguke wote. Akapapasa kile kiganja kwa vidole vyake. Akafika kwenye zile sugu akasimama. Akakwaruza moja kwa kucha. Akakunja uso, kama fundi. Kisha akakamata kile kidole gumba kwa mikono yote miwili, akakipeleka mdomoni, akauma pale penye sugu kubwa kuliko zote.

Krr. Krr. Krr.

Macho yakafumba. Wasichana, niliwahi kuona watoto wamelishwa, wamekogeshwa, wamelazwa, lakini raha ile sijaiona tena. Alikuwa anasaga fizi zake kwenye ile sugu kushoto, anahamia kulia, ananguruma. Kitu cha namna hiyo hakuna aliyewahi kumpa. Sisi wote tulikuwa na mikono laini, isiyofaa kitu!

"Anakula nini?" shosho akasema. Akainama, akamfungua mdomo kwa ncha ya kidole, kitaalamu, kama anavyoangalia ndama. Akapiga yowe. "Jino! Limetoboa! Yuko na jino!"

"Jino?" Baba Nekesa akasema, na sauti yake ilikuwa imepasuka kama ya kijana.

"Analinoa kwako. Usitoe mkono, wewe! Acha anoe!"

"Sitoi, mathe."

"Kwaruza fizi ya juu pia, inamwasha. Polepole. Ehe. Sasa hiyo mikono ulikuwa unaificha ya nini, na ndiyo dawa?"

"Ile siku ilikuwa heshima, mathe. Kwetu mkwe hashikwi mkono na mama mkwe. Haki ya Mungu, haikuwa dharau."

Shosho akainua kichwa. Akamwangalia mkwe wake, akamwangalia mtoto. Nekesa alikuwa amelala kati yao kama daraja, kidole gumba cha baba mdomoni, mguu wake mmoja bado uko kwenye kiganja cha shosho. Shosho akauminya ule mguu kidogo. Nekesa akauma. Baba akaruka.

"Nimekusalimia," shosho akasema. "Umepata?"

"Nimepata, mathe."

Bi Salma akarudi kwenye mchele wake.

Nisiwadanganye kwamba ulikuwa muujiza. Fizi zilikuwa zinawasha, basi. Jumatatu Nekesa alimlilia tena baba yake kidogo, Jumanne akapunguza, kwa sababu mazoea hayafi kwa siku moja. Lakini jioni hizo baba alikuwa anaingia bila glavu, anachuchumaa, anaweka mkono mkekani, anangoja. Mtoto akija, amekuja. Siku moja akaja kwa kutambaa, ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza, na Baba Nekesa alitangaza mpaka kwa muuza makaa.

Nanyi siku hizi mna njia zenu. Naona simu yenye katuni imetundikwa kwenye dirisha, watoto wametulia wamekodoa macho. Sikatai, hata mimi ningeitundika nikiwa na uji jikoni. Lakini simu haipigi hodi, na mtoto akirusha mguu haimjibu. Ikizimwa, angalieni kama kuna aliyegeuza kichwa kuwatafuta. Mkikuta hayupo, pasheni mikono moto muanze upya.

Ile Jumamosi shosho alikunywa chai yake, akapanda boda, akarudi Dundori na shuka likiwa limekunjwa vilevile. Gunia la viazi alituachia. Mchana ule simu ilipolia kutoka Saudia, nilimpa baba mtu. Nilisikia Wambui akisema, "Anti, mguse pale kwa kidevu," halafu, "Huo ni mkono wa nani?" Nikatoka nje. Nikasikia Nekesa akicheka.

Waliondoka jioni, amemweka kifuani, si mbali tena, mtoto anatafuna kola ya shati. Bi Salma akaenda kuswali. Nikabaki nakunja mikeka, na chini ya mkeka wa mwisho nikakuta zile glavu.

Nilizivaa. Sijui kwa nini. Nikaketi pale alipokuwa amekaa Nekesa, nikanyoosha mkono, nikajishika shavu na ile sufu nyekundu. Nilisikia kitu chenye joto, laini kabisa, na hakukuwa na mtu ndani yake.

Nikavua ya kulia. Nikashika birika mpaka moto ukafika kwenye kifundo. Nikausimamisha mkono karibu na shavu langu mwenyewe, nikangoja kidogo, nikajishika.